Kwa nini bomba linalovuja Dodoma ni hasara ya miaka mingi

MKAZI wa Dodoma anapokuta maji yakitiririka barabarani kutoka katika bomba lililopasuka, jambo la kwanza linalomjia akilini ni usumbufu. Mtaa utakosa maji kwa siku kadhaa, na bei ya dumu kwa wauza maji wa mikokoteni huenda ikapanda.

Ni wachache wanaofahamu kwamba maji hayo yametoka katika akiba ambayo haijazwi kila mwaka. Utafiti wa ushirikiano uliofanyika kwa miaka mingi katika bonde la Makutupora, kaskazini mwa jiji, umeonyesha kwamba akiba hiyo hujazwa kwa wingi katika misimu michache tu ya mvua kubwa, na kwamba kati ya msimu mmoja wa aina hiyo na mwingine inaweza kupita miaka mingi.

Hiyo ndiyo sababu suala la kuzuia upotevu wa maji katika makao makuu ya nchi lina uzito wa pekee.

Dodoma iko katika nyanda za kati, mita zaidi ya 1,000 juu ya usawa wa bahari. Mvua yake kwa mwaka ni wastani wa milimita zipatazo 550, nayo hunyesha katika msimu mmoja, kwa kawaida kati ya Desemba na Aprili. Miezi inayobaki ni ya jua na upepo mkavu, na mito mingi hubaki mchanga mtupu.

Hata jina la mji linahusishwa na maji. Simulizi maarufu za Wagogo husema kwamba tembo alikwenda kunywa maji akadidimia katika tope, na neno la Kigogo la kudidimia, idodomya, ndilo lililozaa jina Dodoma.

Bwawa la Hombolo lililojengwa mwaka 1957 lina maji, lakini yana chumvi. Kwa sababu hiyo mji umetegemea kwa miongo mingi visima virefu vya Makutupora, eneo linalojulikana na wengi kwa kilimo na utafiti wa zabibu. Maji husukumwa kwa mashine za umeme kutoka visimani hadi katika matangi, kisha husambazwa mitaani na Mamlaka ya Majisafi na Usafi wa Mazingira Dodoma (DUWASA).

Mahitaji yameongezeka kwa kasi. Uamuzi wa kuifanya Dodoma kuwa makao makuu ulipitishwa mwaka 1973, lakini utekelezaji ulipata nguvu mpya mwaka 2016, Serikali ilipoanza kuhamia huko. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu wapatao 411,000 katika iliyokuwa Manispaa ya Dodoma. Sensa ya mwaka 2022 ilikuta zaidi ya watu 765,000 katika jiji hilo.

Takwimu zilizotolewa na Serikali katika kipindi hicho zilionyesha kwamba mahitaji ya maji yamepita lita milioni 130 kwa siku, wakati uzalishaji ulikuwa chini ya lita milioni 80. Matokeo yake ni mgawo wa maji.

Swali linaloulizwa mara nyingi ni kwa nini visiongezwe visima zaidi. Visima vipya vimechimbwa, vikiwamo vya Nzuguni, na vimesaidia. Hata hivyo, kisima si chanzo cha maji bali ni mlango wa kuyatoa. Chanzo ni maji yaliyomo ardhini, na hapo ndipo utafiti wa Makutupora unapokuwa na umuhimu.

Kumbukumbu za usawa wa maji katika visima vya Makutupora zilianza kuwekwa katikati ya miaka ya 1950. Ni miongoni mwa kumbukumbu ndefu zaidi za aina hiyo katika maeneo makame ya kitropiki duniani. Watumishi wa sekta ya maji walikuwa wakipima kina cha maji na kuandika, mwaka baada ya mwaka, bila kujua kwamba siku moja takwimu zao zingesomwa na wanasayansi wa nchi nyingi.

Mwaka 2013 jarida la Nature Climate Change lilichapisha uchambuzi wa kumbukumbu hizo za miaka 55, uliofanywa na watafiti wakiongozwa na Richard Taylor wa University College London, wakishirikiana na wataalamu wa maji wa Tanzania.

Walichogundua ni kwamba uhusiano kati ya mvua na maji yanayoingia ardhini si wa moja kwa moja. Mvua ya wastani haimaanishi kwamba ardhi itapata maji ya wastani. Katika misimu mingi, karibu maji yote hurudi angani kwa joto au hunyonywa na mimea, na usawa wa maji visimani huendelea kushuka. Kisha huja msimu mmoja wa mvua zisizo za kawaida, mara nyingi unaohusishwa na El Nino na hali ya joto la Bahari ya Hindi, na usawa hupanda ghafla. Mpando mkubwa kuliko yote katika kumbukumbu hizo ulitokea msimu wa 1997 na 1998.

Baadaye kazi hiyo iliendelezwa na mradi wa GroFutures, ulioyahusisha pia mabonde ya Ethiopia na Afrika Magharibi. Kwa upande wa Tanzania, Profesa Japhet Kashaigili wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, alikuwa miongoni mwa watafiti wake wakuu.

Safari hii vifaa vya kupima maji kwa vipindi vifupi vilifungwa katika visima na mito. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021 yalionyesha kwamba sehemu kubwa ya maji huingia ardhini kupitia vitanda vya mito ya msimu, hasa pale penye mchanga usiofunikwa na udongo wa mfinyanzi unaovimba ukilowana. Mto unapotiririka kwa siku kadhaa mfululizo, maji hupata muda wa kupenya.

Funzo kwa mamlaka ya maji liko wazi. Mafuriko yanayoharibu barabara na mashamba ndiyo yanayojaza ghala la jiji. Aidha, maeneo ya mchanga yanayopitisha maji yakijengwa, yakichimbwa ovyo au kuchafuliwa, mlango wa ghala hilo unafungwa.

Lakini kujaza ghala ni upande mmoja. Upande wa pili ni namna maji yanavyotumika baada ya kutolewa.

Wataalamu huita maji yaliyozalishwa lakini hayakuleta mapato kuwa ni upotevu wa maji. Mwaka 2000 Chama cha Kimataifa cha Maji (IWA) kilitoa utaratibu wa pamoja wa kuyahesabu, ili mamlaka za nchi mbalimbali ziweze kulinganishwa. Hesabu huanza na maji yote yaliyoingia katika mtandao wa mabomba, kisha yanatolewa yale yaliyoandikiwa ankara.

Kinachobaki kina sura mbili kuu. Ya kwanza ni maji yanayovuja kwenye mabomba, maungio na matangi. Ya pili ni maji yaliyomfikia mtumiaji bila kulipiwa, ama kwa sababu dira imechakaa na kusoma pungufu, ama kwa kujiunganishia kinyemela, ama kwa makosa ya usomaji. Sura hizi mbili hutibiwa tofauti: ya kwanza inahitaji fundi, ya pili inahitaji dira nzuri, kumbukumbu sahihi na uadilifu.

Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA) huchapisha kila mwaka tathmini ya mamlaka za maji nchini. Kiwango kinachotajwa kuwa kinakubalika ni upotevu usiozidi asilimia 20. Kwa miaka kadhaa wastani wa nchi umekuwa ukizunguka theluthi moja ya maji yanayozalishwa.

Mfano rahisi unaonyesha maana yake. Mji unaozalisha lita milioni 70 kwa siku na kupoteza asilimia 30, hupoteza lita milioni 21. Upotevu ukishuka hadi asilimia 20, zinaokolewa lita milioni 7 kila siku. Kwa lita 50 kwa mtu, hayo ni mahitaji ya watu 140,000, bila kuchimba kisima hata kimoja. Ni kweli kwamba si maji yote hayo yalikuwa yakimwagika, kwani mengine yalikuwa yakitumiwa bila kulipiwa. Hata hivyo, asiyelipia huwa hana sababu ya kufunga koki.

Njia za kupambana na uvujaji zinajulikana. Mtandao hugawanywa katika kanda ndogo, kila kanda ikiwa na dira yake kubwa. Kipimo kinachofaa zaidi ni cha kati ya saa nane na saa kumi usiku, watu wanapokuwa wamelala. Maji yakiendelea kupita kwa wingi saa hizo, kuna mahali yanavuja, na mafundi hujua pa kuanzia kutafuta.

Njia nyingine ni kudhibiti msukumo wa maji, kwa kuwa msukumo mkubwa huongeza uvujaji na kupasua mabomba. Ya tatu ni kasi ya matengenezo: tundu dogo lililoachwa mwezi mzima laweza kumwaga maji mengi kuliko bomba kubwa lililopasuka na kuzibwa siku ileile.

Mgawo wenyewe huongeza tatizo. Bomba likiachwa tupu kisha likajazwa ghafla, maungio hutikisika, uchafu hunyonywa kupitia nyufa, na hewa inayosukumwa mbele ya maji huweza kuzungusha dira na kumwandikia mteja ankara ya upepo.

Kwamba mafanikio yanawezekana kumethibitishwa na Phnom Penh, mji mkuu wa Cambodia. Mwaka 1993 mji huo ulikuwa ukipoteza zaidi ya asilimia 70 ya maji yake. Kufikia mwisho wa miaka ya 2000 upotevu ulikuwa chini ya asilimia 10, baada ya kufunga dira kwa kila mteja, kubadilisha mabomba na kuwabana wadaiwa sugu, wakubwa kwa wadogo.

Kwa Dodoma, miradi mikubwa ya kuleta maji kutoka Ziwa Victoria na bwawa la Farkwa wilayani Chemba imekuwa ikitajwa kuwa suluhisho la kudumu. Lakini maji ya mbali yakiingizwa katika mabomba yanayovuja yatavuja pia, tena yakiwa yamegharimu umeme na fedha nyingi zaidi kuyafikisha.

Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Makutupora hujazwa kwa kishindo, mara chache, na hakuna awezaye kuiagiza El Nino. Kilichomo mikononi mwa jiji ni namna ya kuyatumia maji hayo katika miaka mikavu inayofuata, na hesabu yake huanzia pale mwananchi anapotoa taarifa ya bomba lililopasuka na fundi anapofika siku hiyohiyo.