Gesi au Stima? Moto wa Kuota Katika Nchi ya Chai

Sisi watu wa pwani moto wa nyumbani twaujua wa kupikia na wa kufukizia udi. Wa kuota hatuna haja nao. Lakini mtu akipanda bara hadi Kericho na Bomet, nchi ya chai, mambo hugeuka. Mji wa Kericho u zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari. Mvua hunyesha alasiri nyingi, na usiku baridi hupenya mifupani.

Wazungu wa mashamba ya chai, tangu miaka ya 1920, walijijengea nyumba zenye meko ya mawe ukutani na dohani ya kutolea moshi. Nyumba za kupanga za mjini aghalabu hazina dohani, na hapo ndipo wengi huingiza jiko la makaa chumbani.

Dada yangu na mumewe, mwalimu, wanakaa huko na mtoto wao mchanga. Jiko la makaa walilikomesha baada ya kuamka asubuhi moja vichwa vikiwagonga na mtoto kalegea. Makaa yakiwaka katika chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo harufu wala rangi, nayo humwua mtu usingizini.

Nilipowatembelea niliwakuta wakibishana: shemeji ataka hita ya stima, dada ataka ya gesi.

"Kaka," dada akaniambia, "mvua ikishika, stima hukatika. Mtungi wa gesi hauna habari na mvua."

Hoja yake ina uzito. Hita ya stima ya wati 2,000 hula yuniti 2 kila saa. Ikiwaka saa 4 jioni, ni yuniti 8. Mtungi wa gesi wa kilo 13 waweza kutoa joto kama hilo kwa saa zaidi ya 80.

Lakini gesi ni moto wa kweli, nao hula hewa ya chumba. Ikikosa hewa ya kutosha hutoa sumu ileile ya makaa. Tena kila kilo 1 inayoungua hutoa mvuke wa maji zaidi ya lita 1 na nusu, ambao huishia ukutani na nguoni ukaleta kuvu. Stima haili hewa wala haina moshi. Hatari yake ni waya mbovu, soketi inayochemka na pazia lililo karibu. Na zile hita zilizoundwa mfano wa meko, zenye mwanga kama wa makaa, joto lake ni la hita ya kawaida. Mwanga ni pambo tu.

Nikawaamua hivi: sebuleni gesi, dirisha likiachwa wazi kidogo, na izimwe kabla ya kulala. Chumbani kwa mtoto stima tu, ikikatika, mablanketi. Dada akasema dirisha litatoa joto. Ni kweli, lakini joto hurudi, roho hairudi.

Basi msomaji, ukiwa na jamaa aliyehamishiwa bara, mkumbushe usia tulioupata zamani: Mtume (s.a.w.) alikataza kuuacha moto ukiwaka nyumbani watu wakilala.