Macho ya Wanafunzi na Vioo vya Simu

Mtoto anakilipo makosa kutoka ubaoni, mwalimu humdhania mvivu na mzazi humdhania mkaidi. Huenda akaadhibiwa kwa jambo asiloliweza, kwani maandishi yale kwake ni ukungu mtupu. Wala hasemi, maana hudhani watu wote huona kama aonavyo yeye. Basi kabla ya kumhukumu, yatupasa tumwulize: Je, mwanangu, ubao wauona?

Ndugu msomaji, maradhi haya ya kutoona mbali yanazidi ulimwenguni, khasa kwa wanafunzi. Jicho la mtoto hukua pamoja na mwili wake. Likirefuka kupita kiasi, sura ya vitu vya mbali huangukia mbele ya utando wa nyuma upokeao nuru, badala ya kuangukia juu yake. Ndipo cha karibu akakiona na cha mbali kikampotea. Jicho lililokwisha kurefuka halirudi kuwa fupi. Miwani humsaidia kuona, lakini haiondoi maradhi. Nayo yakikithiri, ukubwani huzidisha hatari ya kubanduka kwa utando ule.

Wengi husema kwamba simu huunguza macho kwa nuru yake. Hilo halijathibitika. Madhara yake yako kwingine. Kwanza, mtoto hukisogeza kioo karibu mno na uso, akakikazia macho saa nyingi, na kope akazipepesa mara chache tu, hata macho yakakauka na kuwasha. Pili, na hili ndilo kubwa, simu humweka ndani ikamnyima mwanga wa mchana. Kitabu nacho kikisomwa karibu mno bila ya kupumzika kina lawama hiyo hiyo. Lakini kitabu huchosha upesi, na simu haimwachi mtu.

Mwaka 2015 ulitangazwa utafiti uliofanywa katika shule za msingi 12 za Guangzhou, nchini China. Shule 6 ziliongeza dakika 40 za kuwa nje kila siku ya masomo. Baada ya miaka 3, waliopatwa na maradhi haya katika shule hizo walikuwa kiasi cha 30 kwa kila watoto 100, na katika shule nyingine walikaribia 40. Taiwan nayo, tangu mwaka 2010, ilihimiza watoto wakae nje dakika 120 kwa siku. Na idadi ya wanafunzi wenye uoni dhaifu, iliyokuwa ikipanda, ikaanza kushuka.

Dawa hii haina bei, ila yataka nafasi. Watoto wetu wengi hutoka shule wakaingia chuoni, na warudipo nyumbani jua limekwisha kuchwa. Basi somo liwezalo kusomwa barazani au chini ya mwembe, na lisomwe huko. Kwani mwanga wa kivulini nje huzidi sana ule wa chumbani. Na mtoto asomapo, kila dakika 20 ainue macho atazame kitu kilicho mbali, mita 6 au zaidi, kwa sekunde 20.

Akishindwa kuusoma ubao, apelekwe kwa mganga wa macho. Akiandikiwa miwani, anunuliwe na aivae, wala isiwe aibu kwa mvulana wala kwa msichana. Na sisi wazazi tuziweke simu zetu chini kwanza, tutoke naye nje. Maana mtoto hufuata aonalo kuliko aambiwalo.