Habari ya Tufani Ifike Ufukweni

Wapo wanaosema kwamba pwani yetu haijui tufani. Hao wamesahau Aprili 1872, tufani ilipoangusha mikarafuu ya Unguja na kuvunja merikebu za Seyyid Barghash. Tena wamesahau Aprili 1952, Lindi ilipopigwa. Tarehe 4 Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika Mafia, lakini safari hii watu walikuwa wamekwisha kuonywa siku kadhaa mbele, na boti za Unguja zikasimamishwa.

Kazi hiyo ina sheria yake. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 nchi ilianza kujitegemea katika elimu ya hali ya hewa; mwaka 1999 ukaundwa Wakala, na Sheria Na. 2 ya 2019 ikaufanya Mamlaka kamili. Onyo la hali mbaya sasa hutolewa na Mamlaka hiyo tu. Twaliunga mkono jambo hili, maana siku ya hatari haifai watu wasikie sauti kumi zinazopingana. Lakini aliyepewa peke yake haki ya kusema ana deni la kusikika, nasi twauliza: je, anasikika Moa, Tongoni na Kipumbwi?

Hatusemi kwamba wavuvi wa Tanga na Pangani hawaijui bahari. Wazee wao walihesabu siku tangu Nairuzi, wakajua kaskazi itaisha lini na kusi itashika lini. Hesabu hiyo hutaja majira. Haitaji upepo wa usiku wa leo. Januari 2017 chombo kilitoka Tanga kwenda Pemba, kikapigwa na upepo mkali na kuzama, wakafa watu wasiopungua 12.

Kuna na jambo la lugha, ambalo wakubwa hulidharau. Mamlaka hutoa onyo kwa daraja tatu: angalizo, tahadhari, na tahadhari kubwa. Ofisini daraja hizo zina mipaka yake. Lakini mwambie mvuvi wa ngalawa "angalizo", kesho mwambie "tahadhari", naye atasikia neno moja: angalia. Hajui ni lipi linalomtaka awe macho na lipi linalomtaka aivute ngalawa yake juu. Rangi za njano, chungwa na nyekundu zinazofuatana na daraja hizo zaeleweka upesi zaidi. Mbona hatuzioni zikipepea ufukweni kwa sura ya bendera?

Tena tukumbuke kwamba asiyekwenda baharini leo hana kitoweo wala fedha. Akizuiwa mara tatu na bahari ikabaki shwari, mara ya nne atakwenda, wala hatuwezi kumwita mjinga. Ndiyo maana mitambo ya kupimia upepo na mawimbi ya pwani ya kaskazini isihesabiwe kuwa anasa katika bajeti.

Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati mpaka vijijini. Basi twawaomba wakuu wa wilaya za Mkinga, Tanga, Muheza na Pangani waanzie hapo: kila kijiji cha pwani kiwe na mtu mmoja anayejulikana, anayepokea taarifa ya Mamlaka kila jioni, na mlingoti mmoja wa kupandishia bendera, kabla masika hayajaanza.