Mali Bila Daftari Hupotea Bila Habari

Wengi wetu tukisikia neno rushwa humfikiria karani mmoja mwenye tamaa, na noti iliyokunjwa kiganjani. Lakini hasara kubwa huanza mbali na meza ya karani huyo. Huanza siku serikali inapogawa fedha za kodi: ngapi ziende shuleni, ngapi hospitalini, ngapi kwenye mitambo na majengo makubwa.

Mwaka 1998 mtaalamu wa uchumi, Paolo Mauro, alitoa uchunguzi wake juu ya nchi nyingi za dunia. Aliona kwamba penye rushwa nyingi, serikali hutumia fedha chache zaidi kwa elimu. Sababu yake si ngumu. Mshahara wa mwalimu wajulikana, na bei ya kitabu cha hesabu yaweza kuulizwa dukani. Lakini mtambo ulioagizwa ng'ambo, ni nani kijijini ajuaye bei yake? Hapo mwenye kutaka mlungula hupata mahali pa kuuficha. Basi vitu vidogo vinavyowafaa wengi huachwa, na vile vyenye giza hupendelewa.

Je, hata hizo chache walizotengewa watoto hufika? Tuwatazame jirani zetu wa Uganda. Katika miaka ya 1991 hadi 1995 serikali kuu ilikuwa ikitoa fedha kwa hesabu ya watoto wa shule za msingi, mbali na mishahara ya walimu. Fedha hizo zilipitia mikononi mwa wakubwa wa wilaya. Kisha wachunguzi walizitembelea shule 250 katika wilaya 18, wakalinganisha madaftari ya serikali na ya shule. Katika kila shilingi 100 zilizotolewa, zilizofika shuleni zilikuwa kama 13 tu. Shule nyingi hazikupata hata senti moja.

Tena tazameni jambo hili: shule za watu wenye nafuu zilipata zaidi, kwa maana walijua kudai. Za maskini zilinyamaza, zikakosa. Hivyo mzazi maskini alilipa mara mbili: kwanza kodi, halafu michango ya shule ili kuziba pengo la fedha zilizoliwa njiani.

Dawa gani ilitumika? Serikali ya Uganda ilianza kutangaza katika magazeti, hata yale ya lugha za wenyeji, kiasi cha fedha kilichopelekwa kila wilaya. Shule nazo ziliagizwa kubandika ukutani hesabu ya zilizopokelewa, ili kila mzazi asome. Ilipofika mwaka 2001, katika kila shilingi 100, zaidi ya 80 zilikuwa zikifika. Si tangazo peke yake lililofanya kazi hiyo, kwani yalikuwapo na matengenezo mengine. Lakini wachunguzi waliona kwamba shule zilizokuwa karibu na mahali gazeti linapouzwa zilipata fedha zao vizuri zaidi. Mwalimu mkuu aliyesoma gazeti alijua adai nini.

Ndugu msomaji, hapa lipo fundisho kwa kila kijiji. Mkutano wa wazazi utakapoitwa, usiende kutikisa kichwa tu na kurudi nyumbani. Uliza mambo matatu: Tumeletewa shilingi ngapi? Zilifika lini? Zimenunua nini? Uliza kwa adabu, mbele ya wote, na jibu liandikwe. Mwalimu mkuu asikasirike, wala wewe usimdhanie mwizi. Huenda naye hakuambiwa kiasi kilichotumwa, na swali lako litampa nguvu ya kwenda kuuliza wilayani. Kisha ombeni hesabu ibandikwe mlangoni, mahali ambapo hata mtoto wa darasa la nne aweza kuisoma na kumsomea bibi yake.