Kani na Nguvu katika Mtambo wa Mawimbi

Mwalimu mmoja wa Tunduma, aliyekuwa akifasiri mwongozo wa kuunda mtambo mdogo wa kuzalisha mawimbi ya maji katika maabara, ametuuliza kama ni kosa kutumia neno "nguvu" kila mahali. Jibu letu ni kwamba ni kosa, tena la gharama: mota itakayonunuliwa kwa kufuata tafsiri hiyo huenda ikashindwa hata kuusogeza ubao.

Mtambo wenyewe ni hodhi jembamba la maji, na mwisho mmoja una ubao wima usukumwao mbele na nyuma na mota. Tuchukue maji ya kina cha sentimita 50 na ubao wa upana wa sentimita 60, nyuma yake pakiwa pakavu. Kanieneo ya maji ni sifuri juu na huongezeka kadiri ya kina, kwa hiyo wastani wake ni nusu ya ile ya chini kabisa, yaani paskali 2,450 hivi. Tukizidisha kwa eneo lililozama, meta mraba 0.3, twapata kani ya nyutoni 736 hivi, sawa na uzito wa mzigo wa kilo 75. Kani hiyo ipo hata kabla ubao haujatikisika.

Nguvu ni kani mara kasi. Ubao uliotulia, basi, hautumii nguvu yoyote, na hata ukizalisha mawimbi ya kimo cha sentimita 10, nguvu yanayoichukua katika hodhi hili haizidi wati 17. Msomaji aliyepewa "nguvu" moja tu ashike lipi? Madereva wa malori wa Tunduma wangetuelewa upesi: lori lililokwama matopeni laweza kusukumwa na watu ishirini kwa kani kubwa, lakini lisipojongea, fizikia haiwahesabii nguvu yoyote. Jasho lao ni jambo jingine.

Maji yakiwa pande zote mbili kwa kina kilekile, kani hizo za utulivu hubatilishana. Hubaki hasa kani ya kuuchapusha ubao, nayo si ndogo: safari ya ubao ikiwa ileile na muda wa mzunguko ukipungua nusu, mchapuko huwa mara nne. Isitoshe, ubao huyakokota maji yaliyo jirani, kana kwamba tungamo lake limeongezeka. Twapendekeza "tungamo la nyongeza". "Uzito wa ziada" hatuuafiki, kwa kuwa uzito ni kani, na maji hayo hayaongezi hata gramu moja kwenye mizani.

Neno "urefu" nalo lina hatari yake. Mvuvi wa Ziwa Rukwa akisema wimbi ni refu, aghalabu anakusudia limeinuka; mwanafizikia hupima urefu kutoka kilele hadi kilele. Kwa kipimo cha wima, kutoka bonde hadi kilele, tuandike "kimo", maana kimo kikiongezeka maradufu, nishati ya wimbi katika kila meta mraba huwa mara nne.