Kilwa Kivinje: Uone Kabla Mvua Haijamaliza Kazi Yake

Mfanyakazi wa mjini apatapo likizo fupi, mawazo yake aghalabu huelekea Bagamoyo au Unguja. Wachache hukumbuka Kilwa. Zamani walikuwa na sababu, kwani abiria waliweza kukwama siku nzima ng'ambo ya Rufiji wakingoja kivuko. Tangu Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003, sababu hiyo imekwisha.

Panda basi la Lindi, uteremke Nangurukuru, kisha ushike njia ya pwani. Wageni wengi hupita moja kwa moja hadi Masoko, wakachukua kibali na kuvuka kwa mashua kwenda Kisiwani kuutazama Msikiti Mkuu, Gereza na Husuni Kubwa. Hilo ni jambo jema. Lakini usirudi nyumbani kabla ya kufika Kivinje.

Kivinje ni mji usio na haraka. Wazee hukaa barazani, na watoto humwamkia mgeni wasiyemjua. Mvua ikishuka, mazungumzo huhamia ndani, nawe utakaribishwa chini ya paa lililo karibu hadi anga litakapotakata.

Mvua hiyo si ngeni. Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331, alieleza kuwa mvua za huko ni nyingi. Mwezi Mei 2024, wakati wa kimbunga Hidaya, maji yaliikata barabara kuu huko Somanga, na safari za kusini zikasimama.

Mkulima wa muhogo huipokea mvua kwa shukrani. Mwenye nyumba ya kale huipokea kwa hofu. Kuta za nyumba hizo ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, na dari zake zilibebwa na boriti za mikoko. Maadamu paa lipo na lipu ni nzima, ukuta hudumu vizazi na vizazi. Paa likianguka, maji huingia kutoka juu, chokaa hulegea, mizizi ya miti hupenya katika nyufa, na masika baada ya masika jiwe hulifuata jiwe.

Magofu ya Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 yalitajwa kuwa hatarini. Kazi ya ukarabati ikafanyika, na mwaka 2014 yakaondolewa katika orodha hiyo ya hatari. Hivyo tumekwisha kuona kwamba uharibifu waweza kuzuiwa. Kivinje haimo katika Urithi huo, ingawa historia yake ni nzito. Hapa ndipo misafara ya watumwa na pembe za ndovu kutoka upande wa Ziwa Nyasa ilipoishia. Hapa pia, mahali paitwapo Mwembe Kinyonga, Hassan bin Omari Makunganya alinyongwa mwaka 1895 kwa kuwapinga Wajerumani.

Basi, ndugu msomaji, nenda na watoto, hasa kati ya Juni na Oktoba, wakati wa kiangazi. Kula samaki kwa wali wa nazi katika migahawa ya wenyeji na ulale huko, ili fedha yako ibaki mjini. Kisha waonyeshe watoto kuta hizo zingali zimesimama. Anayekuja kurithi nyumba yafaa aijue ingali nyumba, wala asingoje kuonyeshwa kifusi.