Vichaka vya mawadi: Amana ya wanyonge jangwani

 

Atazamaye ramani ya Bara Arabu hulidhania jangwa lake kuwa tupu. Lakini apitaye nchi hiyo huona mistari ya kijani iliyofifia ikipenya baina ya majabali na michanga. Mistari hiyo ni mawadi, yaani mikondo ya mito mikavu, ambayo kwetu huitwa makorongo. Maji hupita humo siku chache tu, na pengine mwaka mzima yasipite. Dua ya Nabii Ibrahim (A.S.), iliyotajwa katika Surat Ibrahim, yatukumbusha kuwa hata Makka iko katika bonde lisilo na kilimo.

Ni kwa nini mimea ijikusanye humo? Sehemu kubwa ya Bara Arabu hupata mvua isiyofika milimita 100 kwa mwaka. Kiasi hicho hakitoshi kuotesha kichaka katika uwanda wazi. Ila mvua ikinyesha juu ya majabali, maji huteremka na kukutana bondeni, na wadi hupata maji ya ardhi kubwa iliyo juu yake. Mtaalamu wa Kifaransa, Théodore Monod, aliieleza hali hiyo mwaka 1954: kadiri ukame unavyozidi, ndivyo mimea inavyouacha uwanda na kujibana katika mikondo ya maji.

Mimea hiyo haikuota ovyo. Penye changarawe na mawe husimama migunga, ambayo Waarabu huiita samuri na talhi, na mizizi yake hushuka kina kirefu kutafuta unyevu. Penye udongo laini huota mkunazi, ambao ndio sidri. Penye mchanga na maji ya karibu huota araki, mti utoao miswaki. Na pale ambapo maji hutuama yakaacha chumvi huwapo athli, mti utoao chumvi iliyozidi kupitia majani yake. Kila mmoja umepewa mahali pake kwa kipimo.

Na kazi yao ni kubwa. Mafuriko yajapo, shina na matawi huyapunguzia kasi, maji yakapata muda wa kuzama ardhini na kujaza visima. Mchanga na udongo hunasa chini ya kichaka, ukawa kilima kidogo ambamo mbegu za majani hupata hifadhi. Swala, ngamia na mbuzi hula makaka ya mgunga, na mbegu zilizopita matumboni mwao, gamba lake gumu likiwa limelainika, huota kwa wepesi zaidi. Kichaka kimoja, basi, ni chakula, ni kivuli, na ni kizuizi cha maji.

Msomaji aweza kutuuliza: je, athli na sidri si miti ile ile iliyotajwa katika Surat Saba, aya ya 16, baada ya watu wa Saba kuadhibiwa? Naam, ndiyo. Watu hao walijenga bwawa kubwa Ma'rib, katika nchi ya Yemen ya leo, wakastawisha mabustani mawili. Walipokosa shukrani, mafuriko yakaliondoa bwawa, na mahali pa mabustani pakaota miti ya matunda machungu, athli na sidri chache. Funzo la aya ni kukosa shukrani. Lakini tunaona humo jambo jingine: bwawa la mwanadamu lilipovunjika, mimea ya wadi ndiyo iliyobaki kuishika ardhi. Adhabu ilikuwa kupotea kwa neema, na mti wenyewe hauna hatia.

Ushahidi ni heshima ambayo Sunna imeupa mkunazi. Majani yake ndiyo tunayoyatumia kuwaoshea maiti wetu, kwa mafundisho ya Mtume (S.A.W.). Naye Imamu Abu Dawud amepokea hadithi yenye onyo kali kwa mwenye kukata mkunazi. Wanazuoni wamejadiliana kuhusu sanadi zake, na Abu Dawud mwenyewe ameifafanua kuwa inamhusu mwenye kuukata mti ulioko nyikani, ambao msafiri na wanyama hujificha jua chini yake, akaukata kwa dhulma na bila haja. Tuuzingatie ufafanuzi huo: kosa ni kuwanyang'anya wasio na kivuli kingine.

Msingi huo ndio uliozaa hima, yaani ardhi ya malisho iliyohifadhiwa kwa maslahi ya umma. Zama za ujahiliya, mkubwa wa kabila alijitengea malisho yake peke yake. Mtume (S.A.W.) alilibatilisha hilo, akafundisha kuwa hima haiwi ila kwa ajili ya Mwenyezi Mungu na Mtume wake. Akaihifadhi Naqi', bonde lililoko kusini mwa Madina, kwa ajili ya farasi wa Waislamu.

Sayyidna Umar bin Khattab (R.A.) akaongeza hima nyingine, ikiwamo Rabadha. Bukhari amepokea usia aliompa msimamizi wake, Hunayy: awaruhusu kuingia wenye vikundi vidogo vya ngamia na kondoo, na ajihadhari na mifugo ya Abdurrahman bin Awf na Uthman bin Affan. Hawa wawili, mifugo yao ikifa, wana mitende na mashamba. Ama maskini, mifugo yake ikifa, atamjia Khalifa pamoja na watoto wake, na majani na maji ni rahisi kuliko dhahabu na fedha. Huo ndio uadilifu: malisho huhifadhiwa ili mnyonge asihitaji kuomba.

Yalipopuuzwa hayo, madhara yalionekana. Mwaka 1953 nchini Saudi Arabia himaya za makabila ziliondolewa kwa amri ya serikali, na mawadi mengi yakafunguliwa kwa kila mwenye mifugo na kila mwenye shoka. Kisha miji ikaingia ndani ya mikondo yenyewe. Tarehe 25 Novemba 2009, mwezi 8 Dhulhijja 1430, mahujaji wakiwa wanaelekea Mina, mvua kubwa ilinyesha Jeddah, na maji yakafuata njia zake za kale ambazo zilikuwa zimejengwa. Zaidi ya watu 100 walipoteza maisha, wengi wao wakazi wa mitaa ya wanyonge.

Leo nchi hiyo inarejea. Ukataji wa miti porini una adhabu kisheria, na mwaka 2021 ulitangazwa mpango wa kupanda miti bilioni 10. Ni jambo la kheri. Hata hivyo, mche uliopandwa huhitaji kumwagiliwa, ilhali kichaka cha wadi kilichoachwa kwa amani hunyweshwa na Muumba wake. Anayetaka wadi urudi hai aanze kwa kuuondolea shoka, kisha aulize, kama alivyouliza Sayyidna Umar (R.A.), ni nani wa kwanza kuruhusiwa kuingia.